Kazi Apewe Nani? Rekodi ya Mkandarasi katika Zabuni za Embu na Meru

Tarehe 28 Januari 2014 wawakilishi wadi wa Embu walipiga kura ya kumwondoa madarakani gavana wao, Martin Nyaga Wambora. Ugatuzi ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja tangu uchaguzi wa Machi 2013, na Wakenya wengi walikuwa bado wanajifunza kumtofautisha gavana na yule mkuu wa mkoa wa zamani. Mashtaka hayakuwa ya damu wala ya uasi. Yalihusu tenda: ukarabati wa Uwanja wa Moi mjini Embu, na ununuzi wa mbegu za mahindi zilizodaiwa kuwa duni. Walalamishi walisema Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2005 ilikanyagwa, pamoja na ile ya usimamizi wa fedha za umma. Seneti iliunda kamati maalumu chini ya Boni Khalwale, seneta wa Kakamega, na tarehe 14 Februari ikaafiki. Wambora akawa gavana wa kwanza nchini kung'olewa na Seneti.

Hakukaa nje. Aprili mwaka huohuo majaji wa Mahakama Kuu walioketi Kerugoya walibatilisha uamuzi huo, kwa sababu amri ya mahakama ya kusimamisha mchakato ilikuwa imepuuzwa. Bunge la kaunti likamng'oa tena. Mei, Seneti ikaafiki tena. Kesi zikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo iliweka kigezo ambacho mawakili wa magavana wanakinukuu mpaka leo: lazima kionekane kiungo kati ya gavana mwenyewe na kosa linalodaiwa. Mwaka 2015 ulipokwisha, Wambora alikuwa angali ofisini. Mwaka 2017 wapiga kura wakamrudisha.

Siasa ilimeza kila kitu katika sakata hilo, kama kawaida yake. Lakini chini ya kelele kulikuwa na swali la zamani kuliko kaunti, la zamani kuliko Kenya yenyewe: kazi ya serikali apewe nani, na nani ana haki ya kusema kwamba fulani alipopewa aliiharibu?

Kwa miongo ya mwanzo ya ukoloni swali hilo halikuulizwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kwa kuwa hapakuwa na mkandarasi wa kupimwa. Waingereza waliweka kituo Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, mkuu wa wilaya ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi. Njia za kwanza zilizofuata migongo ya milima na kushuka kwenye mabonde ya mito zilichimbwa kwa nguvu za vijana waliokusanywa na machifu. Sheria ya mamlaka ya wenyeji ya mwaka 1912 ilimruhusu chifu kuwatoa watu kwenye kazi ya jamii bila malipo, hadi siku 24 kwa mwaka. Mwaka 1920 ikaongezwa kazi ya lazima yenye ujira, hadi siku 60. Barabara ikibomoka mvua ya Aprili ikipiga, aliyelaumiwa ni chifu, na waliorudi kuifukia ni walewale walioichimba.

Mabaraza ya wenyeji yalipoanzishwa katikati ya miaka ya 1920, Embu na Meru zilianza kuwa na fedha kidogo za kodi yao wenyewe za kutengenezea barabara, zahanati na shule. Majengo makubwa yakabaki mikononi mwa Idara ya Ujenzi ya serikali, na mafundi waliojua mawe, mabati na zege walikuwa kwa sehemu kubwa Wahindi. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952, na kazi ya lazima ikarudi kwa ukali ambao wazee wa pande zote mbili hawakuusahau: wanakijiji, wengi wao wanawake, walichimba mtaro mrefu ukingoni mwa msitu wa mlima ili kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na chakula. Mwea, iliyokuwa wakati huo ndani ya Wilaya ya Embu, ikachimbiwa mifereji ya mpunga kwa mikono ya mahabusu. Mifereji ya Mwea bado inapitisha maji. Kama kungekuwa na fomu ya kuwapa alama waliofanya kazi vizuri, wafungwa hao wangekuwa na haki ya kuijaza.

Uhuru ulileta mkandarasi Mwafrika, na ulimleta akiwa na mikono mitupu. Embu ilifanywa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa uliotambaa kutoka Machakos na Kitui hadi Moyale. Mtu wa Runyenjes au Nkubu aliyetaka kujenga kwa ajili ya serikali alilazimika kwanza kuingia kwenye rejista ya Wizara ya Ujenzi, iliyowapanga wakandarasi kwa madaraja kutoka A, ya wakubwa, hadi H, ya wadogo. Daraja lilitegemea mtaji, mitambo na kazi zilizowahi kufanywa. Hapo ndipo fundo lilipokazwa: bila kazi hakuna uzoefu, na bila uzoefu hakuna kazi. Waliokuwa na uzoefu ni kampuni za Wazungu na Wahindi, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikipewa.

Serikali ilijaribu kulifungua fundo hilo kwa kuunda, mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la taifa la ujenzi lililopata msaada wa Norway. Lilimkopesha mkandarasi mdogo mtaji, likamdhamini mbele ya wizara, likamfundisha kupiga hesabu za vifaa. Kwa muda lilizaa wakandarasi. Baadaye mikopo haikurudi, wizara zilizotoa kazi zikachelewa kulipa, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha shirika likafungwa. Barabara ndogo za mashambani, zile zinazopeleka majani mabichi ya chai kwenye vituo vya kununulia, zikashughulikiwa kwa njia nyingine. Mpango wa taifa ulioanza mwaka 1974 uliwaajiri wanakijiji moja kwa moja, kwa jembe na karai, chini ya wizara, bila mkandarasi katikati. Ilipofika miaka ya 1990, mkakati wa Roads 2000 ukaanza kuwafunza wakandarasi wadogo wa hapohapo wilayani ili wachukue matengenezo hayo kwa kandarasi.

Aliyeamua nani apewe kazi katika kipindi hicho chote alikuwa nani? Kanuni zilikuwa nyaraka za Hazina, na tangu 1978 kitabu cha mwongozo wa ugavi wa serikali. Kulikuwa na Bodi Kuu ya Zabuni Nairobi, bodi za wizara, na bodi za wilaya, ambazo zilipata uzito zaidi baada ya sera ya 1983 ya kuelekeza maendeleo wilayani. Katika chumba cha bodi ya wilaya, utendaji wa zamani wa mkandarasi ulipimwa kwa neno moja: tunamjua. Neno hilo lilikuwa na maana mbili, na zote mbili zilikuwa kweli. Mhandisi wa wilaya alimjua kweli mtu aliyejenga darasa lililosimama na yule aliyechanganya saruji na mchanga wa mtoni usiooshwa. Lakini pia alijua ni nani shemeji ya mbunge, nani aliyetoa gari wakati wa harambee, na nani ambaye barua yake isiposomwa simu ingepigwa kutoka juu. Maarifa na upendeleo vilikaa kiti kimoja, na hapakuwa na njia ya kumwinua mmoja bila mwenzake. Aliyekosa kazi hakuwa na pa kulalamika. Alinywa chai yake mjini, akasubiri mwaka mwingine wa fedha.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 matokeo yalionekana kwa macho kote nchini: maboma ya hospitali yaliyoota nyasi, nyumba za maafisa zisizoezekwa, madaraja yenye nguzo bila sakafu. Serikali ya Mwai Kibaki ilipoingia ilibidi iunde kamati ya kuhakiki madeni yaliyorithiwa, ili kujua ni mkandarasi gani anadai haki yake na ni nani anadai kazi ambayo haikufanyika.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa yameanza mwaka 2001, pale kanuni mpya za ununuzi zilipounda kwa mara ya kwanza bodi ya kusikiliza malalamishi ya wazabuni. Sheria ya 2005, iliyoanza kutumika Januari 2007, iliipa bodi hiyo meno. Katiba ya 2010 ikaenda mbali zaidi. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na usiopoteza fedha, na kinaliruhusu Bunge kuweka adhabu kwa wakandarasi ambao hawakutekeleza kazi kulingana na taaluma, mkataba au sheria. Ni katiba chache zinazomkumbuka mkandarasi mbovu kwa kumtaja. Sheria ya 2015, inayotumika tangu Januari 2016, ikaitumia ruhusa hiyo: aliyevunja mkataba wa taasisi ya umma, au aliyedanganya kuhusu sifa zake, anaweza kufungiwa zabuni zote za serikali kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Sheria hiyohiyo ilifanya jambo jingine ambalo halikutangazwa kwa vishindo. Iliiondoa ile kauli ya tunamjua. Kamati ya tathmini lazima itumie vigezo vilivyoandikwa kwenye hati za zabuni, hivyo na si vingine, na vigezo hivyo viwe, kadiri iwezekanavyo, vya kupimika kwa idadi. Kamati ina siku 30. Asiyeridhika ana siku 14 za kwenda kwenye bodi ya mapitio, ambayo sasa inajulikana kwa herufi zake PPARB, na bodi ina siku 21 za kuamua. Baada yake ni Mahakama Kuu, siku 45. Mwenye kampuni wa Siakago au Maua aliyenyimwa tenda ya barabara ya vumbi hasubiri tena mwaka mwingine wa fedha. Anatafuta wakili, anaandika hati ya kiapo, na kesi yake inasikilizwa Nairobi, au tangu janga la korona, kwa njia ya mtandao.

Basi utendaji wa zamani unapimwaje chini ya utaratibu huu? Fungua hati yoyote ya zabuni ya ujenzi utaona. Mzabuni aonyeshe kazi za aina hiyo alizomaliza katika miaka kadhaa iliyopita, na thamani zake. Aambatishe barua za kupewa kazi na vyeti vya kukamilika. Aonyeshe mapato ya wastani kwa mwaka, orodha ya mitambo, wasifu wa mhandisi na msimamizi. Kuna pia fomu ya kueleza mikataba aliyoshindwa kuitekeleza na kesi alizonazo mahakamani. Anayeijaza ni yeye mwenyewe, na ni nadra kwa mwanadamu kujishtaki.

Mabishano yanayozaliwa hapo yanafuata njia zilezile mwaka nenda mwaka rudi. Cheti kimetolewa, lakini hakina tarehe. Kazi ilifanywa na kampuni ya ubia, na mzabuni wa sasa alikuwa na sehemu ndogo tu ndani yake. Je, uzoefu ni wake? Alijenga kalvati na vivuko vya saruji kule nyanda za Mbeere, na sasa anaomba barabara ya lami: hiyo ni kazi ya aina moja au mbili? Alikuwa mkandarasi mdogo chini ya mkubwa, na barua imeandikwa na huyo mkubwa, si na serikali. Kamati ilimpa alama 68 wakati mpaka wa kufaulu ni 70, na anadai barua yake ya tatu haikuhesabiwa. Wakili akisimama mbele ya bodi hazungumzii barabara hata kidogo. Anazungumzia ukurasa wa 214 wa zabuni ya mteja wake.

Iko njia moja ambayo sheria iliiacha wazi kwa ajili ya maarifa ya aina nyingine. Kifungu cha 83 kinairuhusu kamati, baada ya tathmini na kabla ya kutoa kazi, kuhakiki sifa za anayeelekea kushinda, pamoja na kuomba kwa siri maoni ya waliowahi kufanya naye kazi. Kwa maneno mengine, mhandisi wa Embu anaweza kumwandikia mwenzake wa Meru na kuuliza, huyu bwana alikuwaje? Hapo tunamjua imerudi, safari hii ikiwa na muhuri. Lakini uhakiki huo unamhusu anayeongoza peke yake, hauwezi kuleta kigezo kipya ambacho hakikuwa kwenye hati za zabuni, na lazima uandikiwe ripoti. Jibu likiwa baya, mkandarasi ataomba bodi imwonyeshe barua, atasema aliyeiandika ana kisasi naye, na mara nyingi atauliza: kama kweli niliharibu, mbona mlinipa cheti cha kukamilika?

Swali hilo lina uzito. Cheti cha kukamilika ndicho ushahidi mkuu wa utendaji wa zamani, na hutolewa na taasisi ambayo ina kila sababu ya kukitoa. Afisa akikataa kusaini, mradi unabaki haujakamilika katika vitabu vyake, fedha za mwaka zinarudi Hazina, mkaguzi anauliza, mwanasiasa aliyepanga kuukata utepe anakasirika. Kusaini ni rahisi. Hivyo kazi mbovu inazaa cheti kizuri, cheti kizuri kinaleta alama, na alama zinaleta kazi nyingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema; huyu hakusifiwa na walevi bali na ofisi iliyomlipa. Ndiyo maana orodha ya kampuni zilizofungiwa imekuwa fupi kwa miaka mingi. Ili kumfungia mtu kwa utendaji mbaya, lazima kwanza ofisi fulani ikiri kwa maandishi kwamba iliupokea.

Wanaotumia barabara wana rejista yao, na haina fomu. Dereva wa pikapu ya miraa anayetoka Laare alasiri akikimbiza mzigo ufike Nairobi kabla haujanyauka anajua ni wapi lami ilimwagwa nyembamba. Mkulima wa chai wa Manyatta anajua ni daraja gani la mbao lilisombwa mara ngapi. Maarifa haya yana kasoro zake, kwa kuwa msafiri hamtofautishi aliyejenga na aliyechora. Mfano mchungu zaidi uko katikati ya barabara kuu ya Embu kwenda Meru, kwenye Daraja la Nithi, Tharaka Nithi, sehemu iliyokuwa zamani ndani ya Wilaya ya Meru. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa ajali ya kwanza. Mjadala uliofuata ulihusu mteremko na kona, yaani mchoro, na mamlaka ya barabara kuu ikatakiwa kuusanifu upya. Mkandarasi aliyejenga barabara kwa kufuata mchoro huo alistahili cheti chake. Aliyeuchora hakuwahi kutathminiwa na yeyote kwa namna ambayo msafiri angeielewa.

Kwingineko wamejaribu njia tofauti. Nchini Marekani, tangu sheria ya 1994 ya kurahisisha ununuzi wa serikali kuu, utendaji wa zamani umekuwa jambo la kupimwa kwa maelezo na si kwa vyeti tu: ofisi inayosimamia mkataba huandika tathmini ya ubora, muda na gharama, mkandarasi hupewa nafasi ya kujibu, na vyote viwili huhifadhiwa ambapo ofisi nyingine zitavisoma. Asiye na historia hapewi alama ya juu wala ya chini. Anahesabiwa kuwa hana rekodi, basi. Mabishano hayakuisha kwa hilo. Wazabuni wa huko hulalamika kila mwaka mbele ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao kwamba walisomwa vibaya. Angalau wanabishana juu ya kazi.

Kanuni ile ya asiye na rekodi ingewafaa sana vijana wa Embu na Meru. Tangu Oktoba 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali Kenya imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sheria ya 2015 ikazitaka kaunti ziwatengee wakazi wake si chini ya asilimia 20. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ilichukua mahali pa ile rejista ya A hadi H na kuweka madaraja manane. Kwa majengo, daraja la mwisho linaruhusu kazi zisizozidi shilingi milioni 10. Kijana aliyemaliza chuo cha ufundi Meru anaweza kusajili kampuni, kupata cheti cha kundi maalumu, kuwekwa daraja la nane, na bado akakutana na hati inayodai kazi tatu za aina hiyo katika miaka mitano. Akifanya kama wengi wafanyavyo, atakodi jina la kampuni ya mwingine kwa asilimia fulani, na rekodi ya kazi yake itamfaidi mwenye jina. Lile fundo la 1963 halikufunguka. Limefungwa kwa kamba mpya.

Nako juu kabisa, penye fedha kubwa, rekodi inaweza isiulizwe. Januari 2009 Benki ya Dunia iliifungia kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa miaka minane kwa sababu ya zabuni za barabara za Ufilipino. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyopewa ujenzi wa reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, bila ushindani, kupitia makubaliano ya serikali kwa serikali na mkopo wa Uchina. Mwanaharakati Okiya Omtatah na Chama cha Mawakili walienda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema sheria ya ununuzi ilikiukwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaigeuza hoja hiyo. Mwenye daraja la nane kule Mikinduri aliyetolewa kwa kukosa tarehe kwenye barua moja ana ruhusa ya kutabasamu.

Kuna upande mwingine wa rekodi ambao hati za zabuni haziutaji kabisa. Uwanja wa Kinoru mjini Meru ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyopangiwa fainali za CHAN za 2018, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani barani. Septemba 2017 shirikisho la soka la Afrika liliinyang'anya Kenya uenyeji kwa sababu maandalizi yalikuwa nyuma, na mashindano yakaenda Morocco. Kinoru uliendelea kujengwa, na tarehe 1 Juni 2018 ukapokea sherehe za Madaraka. Viwanja vikichelewa kwa pamoja, katika miji tofauti na kwa wakandarasi tofauti, mtu mwenye haki huanza kumtazama mwajiri.

Mwajiri ana historia yake. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu juu ya madeni ya kaunti hadi Juni 2018 ulipokea madai ya karibu shilingi bilioni 89, na ukaona kwamba takriban bilioni 51 zilistahili kulipwa. Ndani ya bilioni hizo 51 mlikuwa na watu waliochukua mikopo ya benki kwa kuamini barua ya kaunti, wakanunua kokoto na mafuta ya greda, wakamaliza kazi, wakakaa. Wengine hawakumaliza, kwa sababu cheti cha malipo cha pili hakikulipwa na mitambo ya kukodi ikaondolewa. Kwenye tathmini inayofuata, hao wa mwisho wana mradi uliokwama dhidi ya jina lao. Sababu haina kisanduku.

Mkandarasi mzoefu wa Embu au Meru amejifunza kuyapima hayo mwenyewe. Akiweka bei ya kazi ya kaunti huongeza humo gharama ya kusubiri malipo mwaka mmoja au miwili, riba ikiwemo. Mgeni wa kazi hajui kuongeza, au anajua lakini anaitaka kazi kwa udi na uvumba ili apate barua yake ya kwanza. Siku ya kufungua zabuni bei zinasomwa kwa sauti mbele ya wote. Wawili hao wakipita mtihani wa karatasi, sheria inampa kazi mwenye bei ya chini.